Jules Verne, Mtunzi wa Safari za Ajabu

Ghuba iliyo kati ya Baraka na rasi ya Ubwari imeandikwa katika ramani kwa jina la Burton. Wavuvi wavuao ndagala humo usiku kwa taa zao hawana haja na jina hilo. Lakini lina habari yake, kwa maana kwa njia ya huyo Burton ziwa Tanganyika liliingia katika kitabu cha kwanza cha mtu aliyewafundisha mamilioni ya watu kupenda hadithi za mambo yasiyokuwako bado: vyombo viendavyo chini ya bahari, safari za mwezini, njia za kushuka tumboni mwa dunia. Mtu huyo aliitwa Jules Verne. Yeye mwenyewe hakufika Tanganyika hata siku moja.

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 huko Nantes, mji wa Ufaransa ulio kando ya mto Loire, karibu na bahari ya Atlantiki. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa katika kisiwa cha Feydeau, mahali palipozungukwa wakati ule na mikono ya mto, na milingoti ya merikebu ilionekana kila upande. Majumba ya kisiwa kile yalijengwa na matajiri wa karne iliyotangulia, na si haki kunyamaza juu ya asili ya utajiri wao: Nantes ilikuwa bandari kuu ya Ufaransa katika biashara ya watumwa, na mpaka leo nyuso za Waafrika zilizochongwa katika mawe zaonekana juu ya madirisha ya mji huo. Mtoto Jules alikua chini ya nyuso hizo. Baba yake, Pierre Verne, alikuwa mwanasheria, mtu wa sala na wa saa, naye alitaka mwanawe wa kwanza airithi kazi yake. Mama yake, Sophie, alitoka katika ukoo wa mabaharia na wenye merikebu.

Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi alipelekwa kusoma kwa mjane mmoja aitwaye Bibi Sambin. Kumwita mjane ni kusema yale waliyoyasema majirani, maana yeye mwenyewe hakukubali. Mumewe alikuwa nahodha. Alisafiri muda mfupi baada ya arusi, asirudi, wala habari zake hazikusikika tena. Ilikwisha kupita miaka thelathini. Basi mama yule, alipokuwa akiwafundisha watoto alfabeti, aliwasimulia kwamba mumewe hakufa: merikebu yake ilivunjika, naye yu hai katika kisiwa kisicho na watu, kama Robinson wa kitabuni, na iko siku atabisha hodi. Watu wazima walimhurumia. Watoto walimsadiki. Jules aliketi benchini akakitazama kile kisiwa kwa macho ya moyo, na tangu siku zile visiwa havikumtoka tena. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, mwaka 1891, alitoa kitabu juu ya mke wa nahodha aliyepotea, asiyekubali kumlilia kama mfu. Anakwenda kumtafuta hata Australia, anamwona, naye yu hai. Mwalimu wake hakujaliwa hivyo katika maisha yake.

Baada ya hapo alisoma katika shule ya Mtakatifu Stanislas, kisha katika seminari ndogo ya Mtakatifu Donatiani. Hakuwa mwanafunzi wa ajabu. Alipenda jiografia na kuimba, akajaza madaftari yake picha za mashine. Wakati wa likizo jamaa walikaa Chantenay, mahali palipoinuka juu ya mto, na toka dirishani vijana Jules na Paul mdogo wake walitazama merikebu zikishuka kwenda baharini. Jirani palikuwa na kiwanda cha Indret kilichotengeneza injini za mvuke. Jules aliweza kusimama huko saa nzima akiziangalia vyuma vikipanda na kushuka. Siku moja alikodi mashua iliyochakaa, akaenda peke yake mtoni. Ubao ukaachia, maji yakaingia, mashua ikazama, naye akaponea katika kisiwa kidogo cha matete. Hapo alikuwa Robinson kweli, tena bila chakula. Akaanza kufikiri jinsi ya kujenga kibanda na kutega samaki. Kumbe maji yalipokupwa alivuka kwa miguu, maji yakiishia vifundoni, akarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Katika uzee wake aliyaandika hayo kwa kucheka.

Iko hadithi nyingine iliyoenea sana, kwamba alipokuwa na miaka kumi na mmoja alitoroka katika merikebu iendayo Bara Hindi ili kumnunulia binti wa jamaa yake ushanga wa marijani, na baba yake akamkamata katika bandari ya kwanza. Ilichapwa mwaka 1928 na mtu wa ukoo wake, na wachunguzi wengi hawaisadiki. Hadithi ya mashua mbovu yatosha, nayo ni ya mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1848 alikwenda Paris kusoma sheria. Alizisoma, akashinda mitihani, lakini moyo wake ulikuwa katika michezo ya kuigiza na katika maktaba. Mwaka 1852 baba yake akamwita arudi Nantes kushika ofisi. Wakati huo Jules alikuwa maskini, chakula chake kibaya, tumbo lake lauma, uso wake wapooza upande mmoja kwa ugonjwa wa mishipa. Ofisi ya baba ilikuwa nyumba, heshima na mshahara. Akaikataa. Alimwandikia baba yake kwa adabu ya mtoto, akasema kwamba yeye ataiharibu kazi ile, maana hawezi kuwa kitu kingine ila mwandishi. Pierre Verne alihuzunika, lakini hakumlaani wala kumkatia msaada. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa sababu ya yale yatakayofuata.

Miaka kumi ikapita pasipo matunda makubwa. Tarehe 10 Januari 1857 alimwoa Honorine, mjane mwenye binti wawili, akaingia katika biashara ya hisa ili awalishe. Asubuhi mapema, kabla ya kwenda sokoni, aliandika. Saa nyingine alizitumia katika Maktaba ya Taifa, akisoma habari za hewa, za madini, za nyota, na hasa za wasafiri. Na wasafiri waliozungumzwa kila mahali siku zile walikuwa Burton na Speke.

Waingereza hao wawili walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Mwezi wa Aprili waliondoka kwa mitumbwi kwenda kaskazini, wakavuka ziwa mpaka Ubwari, wakafika Uvira. Burton alikuwa mgonjwa sana, ulimi umejaa vidonda, hata kusema hakuweza ila kwa taabu. Walitaka kujua neno moja: mto Rusizi watoka ziwani, au waingia? Kama ungalitoka, labda ndio mwanzo wa Nile. Watu wa Uvira waliwaambia kwamba waingia, nao waliwaambia kweli. Burton aliiandika Ubwari kuwa ni kisiwa, kosa ambalo mtoto yeyote wa Baraka aweza kulisahihisha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1860, kikasomwa Ulaya yote.

Verne alitazama ramani ile na doa jeupe lililokuwa katikati ya Afrika. Doa lile lilikuwa tupu kwa Wazungu tu; Wabembe, Wamasanze na Wabwari hawakuwa katika utupu. Lakini kwake lilikuwa kama kisiwa cha Bibi Sambin: mahali pasipojulikana, ambapo lolote laweza kuwako. Akajiuliza, kama homa na njaa huwaua wasafiri njiani, mbona wasipite juu? Basi akaandika habari za Daktari Fergusson na wenzake wawili, waondokao Unguja mwezi wa Aprili 1862 katika puto kubwa lililojaa hewa nyepesi ya haidrojeni. Daktari huipasha hewa ile moto, nayo hutanuka na puto hupanda. Huiacha ipoe, nalo hushuka. Hivyo hutafuta upepo amtakao, juu au chini. Wanapita Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wanavuka ziwa Ukerewe, wanauona Nile ukianza hapo, wanaendelea hata Senegal.

Hapo ndipo ilipozaliwa namna mpya ya hadithi. Wazee wa kila taifa wamesimulia watu warukao, lakini kwa uganga au kwa mabawa ya majini. Verne aliwarusha watu wake kwa hesabu. Msomaji hupewa uzito wa puto, kipimo cha hewa, idadi ya galoni za maji. Na akiisha kukubali hesabu, hukuta amekwisha kukubali na ajabu yenyewe. Kitabu kilitoka tarehe 31 Januari 1863 mikononi mwa mchapaji Hetzel. Majuma machache tu yalipita, na Speke aliyerudi safari ya pili alifika Gondokoro akiwa na habari kwamba Nile hutoka katika ziwa lile kweli.

Katika kitabu hicho mna sura moja ambayo wakristo hawaisahau. Usiku wasafiri wanasikia kilio: padre mmoja Mfaransa, wa shirika la Walazaristi, amefungwa auawe. Wanamwokoa kwa kuwasha taa kali ya umeme, lakini mateso yamekwisha kummaliza. Anakufa angani, naye anazikwa jangwani. Mtumishi wao anaokota mawe ya kaburi, kumbe yote ni dhahabu. Yule aliyeweka nadhiri ya ufukara amelazwa katika mgodi wa mali. Wanapakia dhahabu ile, na baadaye, puto linapolegea nao wanakaribia kufa kwa kiu, inawabidi kuitupa vipande vipande ili waishi.

Kasoro yake haifai kufichwa. Verne, asiyemjua Mwafrika hata mmoja wa nchi zile, aliwachora watu wake kama washenzi na wajinga, tena kwa dharau. Alichukua maneno ya wasafiri pamoja na kiburi chao. Mwaka 1878 aliandika kitabu kingine juu ya Afrika, cha nahodha wa miaka kumi na mitano, na humo alionyesha misafara ya watumwa waliofungwa minyororo na ukatili wa wafanya biashara wake, naye aliichukia biashara hiyo waziwazi. Shujaa hodari wa kitabu hicho ni Mwafrika wa Marekani aitwaye Hercule. Ni hatua, dharau ya zamani haikumwisha yote.

Hetzel alimpa mkataba, na vitabu vikafuatana karibu kila mwaka: safari ya katikati ya dunia mwaka 1864, safari ya mwezini mwaka 1865, habari za Kapteni Nemo na chombo chake Nautilus, 1869 na 1870, kuizunguka dunia kwa siku themanini, 1873. Katika habari za mwezini, watu watatu wanarushwa kutoka Florida, nao wanarudi kwa kuanguka katika bahari ya Pasifiki. Mwezi wa Julai 1969, Wamarekani watatu waliondoka Florida wakaenda mwezini, wakarudi kwa kuanguka katika Pasifiki. Verne alikosea jambo moja kubwa: aliwarusha kwa mzinga, na kishindo chake kingaliwaua palepale.

Alihamia Amiens mwaka 1871. Huko aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaandika mpaka karibu na adhuhuri, kisha akasoma magazeti na kukusanya maelfu ya vikaratasi vya habari. Mwaka 1884, katika safari yake ya Mediterania, Baba Mtakatifu Leo XIII alimpokea Roma akambariki. Hakuwa mtakatifu, wala vitabu vyake si katekisimu. Lakini aliandika kwa ajili ya vijana, akajihadhari asiwatie uchafu moyoni.

Nyumbani mwake kulikuwa na jeraha. Mwanawe wa pekee, Michel, aliyezaliwa mwaka 1861, alikuwa mtundu na mkaidi, mwenye madeni. Baba, aliyesamehewa ukaidi wake na baba yake mwenyewe, hakuweza kufanya vilevile. Mwaka 1876 alimweka katika nyumba ya kurekebisha watoto huko Mettray, na mwaka 1878 alimpakia katika merikebu iendayo Bara Hindi. Kijana huyo alipewa bure safari ambayo baba yake aliiota utotoni, naye aliiona kuwa adhabu. Miaka mingi ilipita kabla ya kupatana. Tarehe 9 Machi 1886 likaongezeka jeraha la mwili: Gaston, mwana wa Paul, aliyepatwa na wazimu, alimpiga Jules risasi mguuni, naye akachechemea mpaka kufa.

Alifariki Amiens tarehe 24 Machi 1905, jamaa yake wakiwa karibu naye. Michel ndiye aliyevichapisha vitabu alivyoviacha baba yake, tena alivibadili mahali pengi pasipo kusema. Mswada mmoja haukuonekana. Verne aliuandika zamani, mwanzoni mwa kazi yake, na Hetzel aliukataa kwa maneno makali kwamba hakuna atakayeusadiki. Ulikaa katika sanduku la chuma la ukoo, ukachapwa mwaka 1994. Wasimulia Paris ya mwaka 1960: magari yendayo bila farasi, treni za juu ya njia, mashine za kutuma picha ya maandishi mbali, na katikati ya hayo yote kijana mmoja apendaye mashairi, asiyepata kazi wala mkate, atangatangaye usiku wa baridi katika theluji kati ya makaburi.