Noeli ya Ugenini: Habari za Maisha ya Zinzendorf

Kila mwaka sikukuu ya Noeli ikaribiapo twawakumbuka ndugu zetu walio mbali na kwao, wengine kwa ajili ya kazi, wengine kwa masomo, wengine kwa kuwa vita imewafukuza. Siku hiyo mgeni hutamani nyumbani kuliko siku nyingine zote. Kwa ajili yao twataka kueleza habari za mtu mmoja wa zamani, ambaye Noeli yake iliyo mashuhuri kuliko zote aliifanya ugenini, katika nyumba ya magogo, karibu na ng'ombe.

Jina lake ni Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Alizaliwa Dresden, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 26 Mei 1700, katika ukoo wa makabaila. Baba yake alifariki mtoto akali na majuma machache tu, akalelewa na nyanya yake, mwanamke mcha Mungu. Alipelekwa Halle katika shule ya August Hermann Francke, kisha akajifunza sheria huko Wittenberg, mji ule alikofundisha Martin Luther. Wazee wake walitaka awe mtu wa serikali, naye akawatii, akatumika Dresden miaka kadhaa. Walakini moyo wake ulikuwa katika kazi ya Injili.

Mwaka 1722 wakafika katika mashamba yake wakimbizi kutoka Moravia, walioacha nyumba zao kwa ajili ya imani. Zinzendorf akawapa mahali pa kujenga, na mahali hapo pakaitwa Herrnhut, maana yake ni ulinzi wa Bwana. Tuangalie neno hili: kabla hajawa mgeni mwenyewe, alikuwa amekwisha kuwapokea wageni. Wala wale wakimbizi hawakukaa kwa amani tangu mwanzo. Waligombana sana juu ya mafundisho na desturi, hata tarehe 13 Agosti 1727 walipokutana Mezani pa Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, wakapatana. Mwaka 1728 wakaanza kupashana neno moja la Biblia kwa kila siku, na tangu mwaka 1731 maneno hayo hupigwa chapa katika kitabu, ambacho hata leo husomwa kwa lugha nyingi, nasi Walutheri tukiwamo. Mwaka 1732 walituma wajumbe wao wa kwanza mpaka kisiwa cha St. Thomas, kuwahubiri watumwa Waafrika.

Lakini kazi hiyo ilimletea adui. Wakuu wengi hawakupendezwa kuona kabaila akikaa na mafundi na wakimbizi kama ndugu zake, na wengine katika kanisa waliyashuku mafundisho yake. Mwaka 1736 serikali ya Sachsen ikamfukuza katika nchi. Basi yeye aliyewapa wakimbizi makao akawa mtu asiye na ruhusa ya kukaa kwake. Akasafiri huku na huku, hata akavuka bahari, na mwezi wa Desemba 1741 akafika Pennsylvania, ambayo siku zile ilikuwa koloni la Waingereza katika Amerika. Mkewe, Erdmuthe Dorothea, alibaki Ulaya. Aliyefuatana naye ni binti yao Benigna, aliyekuwa karibu kutimiza miaka 16.

Huko msituni, kando ya mto Lehigh, lilikuwako kundi dogo la ndugu wa Herrnhut. Nao walikuwa watu waliokwisha kuhama mara nyingi. Walitoka kwanza Georgia, walikotakiwa kushika silaha, jambo ambalo dhamiri zao zililikataa. Kisha walianza kumjengea nyumba mhubiri George Whitefield, mahali palipoitwa Nazareth, lakini wakahitilafiana naye katika mafundisho, akawaambia waondoke. Mwaka 1741 wakanunua ardhi yao wenyewe, wakajenga nyumba moja ya magogo. Upande mmoja walikaa watu, upande wa pili wanyama, chini ya paa moja.

Katika nyumba hiyo Zinzendorf aliadhimisha mkesha wa Noeli, tarehe 24 Desemba 1741. Hapakuwa na kanisa, wala kengele. Usiku ulipoendelea aliondoka mahali pake, akawaongoza wenzake mpaka upande wa zizi, akaanzisha wimbo wa Kijerumani unaotaja Bethlehemu. Wakaimba pamoja karibu na mahori ya wanyama. Usiku ule mahali pale pasipokuwa na jina pakapata jina, wakapaita Bethlehem. Sasa ni mji mkubwa wa Marekani, na jina lake ni lile lile.

Tusidhani kwamba tangu hapo mambo yake yote yalikuwa mema. Mwaka 1742 Zinzendorf alijitahidi kuwaunganisha Wakristo Wajerumani wa madhehebu mbalimbali katika Pennsylvania, akawakusanya katika mikutano saba, lakini hakufaulu. Tena alikuwa amewatumikia Walutheri wa Philadelphia kama mchungaji wao. Mwaka ule ulipokaribia kwisha akaja Heinrich Melchior Mühlenberg, aliyetumwa kutoka Halle, na mwishoni mwa Desemba, siku za Noeli, watumishi hao wawili walikabiliana kwa maneno makali juu ya uchungaji wa usharika ule. Noeli moja aliimba zizini kwa furaha. Noeli ya pili ilimkuta katika ugomvi na ndugu wa imani yake. Januari 1743 akasafiri kurudi Ulaya. Mwaka 1747 aliruhusiwa tena kuingia kwao, naye akafa Herrnhut tarehe 9 Mei 1760.

Sisi wa Tanganyika ya zamani tunalo jambo la kukumbuka hapa. Mwaka 1891 wamisionari waliotumwa kutoka Herrnhut walifika Rungwe, na mwaka ule ule Walutheri wa Berlin walifika pande zile zile za Unyakyusa. Wakagawana kazi kwa mapatano, wakaendelea kama majirani. Lililomshinda Zinzendorf katika Pennsylvania, wajukuu wa kazi yake walijaliwa kulifanya huku kwetu kwa sehemu.

Basi, wewe uliye ugenini, usikae peke yako chumbani usiku wa Noeli ukihesabu yale uliyoyaacha. Utafute usharika, hata ukiwa mdogo, hata nyimbo zake zikiwa na sauti usizozizoea. Nasi tulio nyumbani tuangalie viti vya nyuma kanisani. Akiwapo mgeni, tusimwache atoke bila kuulizwa jina lake na mahali atakapokula. Maana Bwana wetu mwenyewe alizaliwa safarini, na wazazi wake hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni.