Yohani Kinyala Lauwo, Mwongoza Wageni wa Kilimanjaro

Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga wa Marangu, anakumbukwa kuwa kijana aliyemwongoza Mjerumani Hans Meyer kupanda Kilimanjaro, enzi za Mangi Marealle. Tarehe 6 Oktoba 1889, Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele kinachoitwa leo Uhuru. Iwapo Lauwo alifika nao, wanahistoria hawakubaliani. Wapagazi na waongozaji wa siku zile waliandikwa kwa nadra, ingawa bila wao hakuna mgeni aliyevuka msitu. Inaelezwa kuwa aliendelea na kazi hiyo kwa miongo mingi. Maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, yalimkuta hai, akaenziwa. Alifariki mwaka 1996, na umri wake, unaotajwa kuzidi miaka 120, bado unabishaniwa.