Otto Lilienthal, Mjerumani Aliyejifunza Kuruka

Tukiulizwa darasani ni nani walioanza kuruka kwa eropleni, sote hunyoosha mikono na kuwataja ndugu wawili Wright wa Marekani. Jibu hilo ni sawa, wala sitaki kulipinga. Lakini napenda wasomaji wa gazeti letu wamjue mtu aliyewatangulia, ambaye mimi namheshimu kuliko hata hao.

Otto Lilienthal alizaliwa tarehe 23 Mei, 1848, katika mji mdogo wa Anklam, kaskazini ya Ujerumani. Baba yake alifariki Otto angali mtoto. Yeye na mdogo wake, Gustav, walipenda sana kuwatazama korongo weupe, wale wale ambao hukimbia baridi ya Ulaya wakaja mpaka huku kwetu Afrika ya Mashariki. Waliona kwamba ndege yule mzito, akitaka kuruka, huuelekea upepo. Basi wakajitengenezea mabawa ya mbao nyembamba, wakayafunga mikononi, wakashuka kilima mbio. Walifanya hivyo usiku, maana waliogopa kuchekwa na wenzao wa shule. Nadhani kila mwanafunzi atawaelewa! Hawakuruka hata kidogo.

Otto alipokua akawa injinia, akafungua kiwanda cha mitambo ya mvuke huko Berlin. Mwaka 1890 aliamua kuwagawia wafanya kazi wake robo ya faida, jambo lililokuwa geni siku zile. Lakini korongo hawakumtoka moyoni. Pamoja na Gustav alitengeneza chombo cha kuzungushia mabawa ya namna mbalimbali, wakapima jinsi hewa inavyoyainua. Wakaona kuwa bawa lililobinuka kidogo, kama la ndege, huinuliwa zaidi kuliko bawa bapa. Hesabu hizo alizichapisha katika kitabu mwaka 1889.

Wengine wangekoma hapo. Yeye mwaka 1891 alijivika mabawa ya fito na kitambaa, akaruka kiasi cha meta 25. Mwaka 1894 alijengesha kilima cha udongo huko Lichterfelde, chenye kimo cha meta 15, ili aweze kuruka upepo utokapo upande wo wote. Vyombo vyake havikuwa na mashine. Alining'inia kwa mikono, akitupa miguu huku na huku ili chombo kikae sawa. Katika miaka 5 aliruka kiasi cha mara 2,000, na mara nyingine alifika meta 250.

Kuongoza kwa kuyumbisha mwili ndiko kulikomwua. Tarehe 9 Agosti, 1896, karibu na kijiji cha Stölln, upepo ulikiinua chombo chake kikasimama hewani. Alitupa miguu mbele asifaulu, akaanguka kutoka kimo cha meta 15 hivi, akavunjika uti. Alikufa kesho yake, akaacha mke na watoto wanne.

Habari za kifo hicho ziliwafikia ndugu Wright, nao wakaanza kusoma mambo ya kuruka kwa bidii. Walianza na hesabu za Lilienthal, kisha wakazipima upya wenyewe. Na badala ya kutupa miguu, wakabuni njia ya kuyapinda mabawa. Tarehe 17 Desemba, 1903, waliruka kwa mashine.

Kilima kile cha Lichterfelde kingalipo Berlin hata leo.