Rika na Mwaka: Fumbo la Kuzaliwa kwa Jomo Kenyatta

Siku aliyofariki Mzee Jomo Kenyatta haina ubishi: ni tarehe 22 Agosti 1978, mjini Mombasa. Siku aliyozaliwa ni suala jingine. Vitabu vimetaja miaka kuanzia 1889 hadi mwishoni mwa miaka ya 1890, na mwenyewe hakuijua. Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa waandishi, bali na kalenda mbili zisizohesabu kitu kimoja.

Kamau wa Ngengi alizaliwa Gatundu, magharibi mwa Thika na kaskazini mwa Ruiru, katika jamii isiyoandika tarehe. Wakikuyu waliuhesabu wakati kwa marika. Vijana waliotahiriwa pamoja walipewa jina moja, aghalabu lililotokana na tukio kuu la msimu huo. Mutung'u, kwa mfano, ni rika lililopewa jina la ndui. Hivyo basi, jina la rika lilikuwa tarehe, lakini tarehe ya jando, si ya uzazi.

Kamau alifiwa na baba, kisha mama, akaishi na babu yake, Kungu Mangana, aliyekuwa mganga. Novemba 1909 alijiunga na misheni ya Thogoto, na hapo kalenda ya pili ikaanza. Alibatizwa Agosti 1914 kwa jina la Johnstone. Kati ya tarehe hizo mbili za wamisionari ipo ya wazee: alipashwa tohara mwaka 1913. Ikiwa alizaliwa 1891, alitahiriwa akiwa na takriban miaka 22. Ikiwa ni 1898, alikuwa na miaka 15 hivi. Desturi huipa nguvu hesabu ya pili. Hata hivyo, yatima aliyelelewa misheni, ambako mila hazikupendwa, yamkini alichelewa jandoni. Rika hukaribia jibu, halilifungi.

Baada ya ubatizo, Kamau alifanya kazi Thika chini ya mhandisi John Cook, akitumwa Nairobi kuleta mishahara ya wafanyakazi, safari ya kilomita 40 hivi kwa njia ipitayo Ruiru. Tangu hapo maisha yake yakazidi kuandikwa kwa tarehe. Mwanawe, Peter Muigai, alizaliwa tarehe 20 Novemba 1920. Mtoto akapata siku ambayo babake hakuipata.

Kwa anayekusanya historia ya ukoo Thika au Ruiru, funzo ni bayana. Jina la rika la babu liandikwe kama lilivyotajwa, na mwaka wa kukisiwa uwekwe kando yake, usichukue nafasi yake. Mwaka uliokisiwa ukishaandikwa peke yake, kizazi kijacho huusoma kama ushahidi.

Kwa miongo mingi Kenya iliadhimisha Siku ya Kenyatta kila tarehe 20 Oktoba, hadi Katiba ya 2010 ilipoifanya Siku ya Mashujaa. Tarehe hiyo si ya kuzaliwa kwake. Ni siku aliyokamatwa mwaka 1952, na waliomkamata waliiandika.