Vidole viwili vya Django na gitaa la mpwa wangu

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinijia nyumbani baada ya swala ya Isha, uso umemshuka. Kijana huyu hupiga gitaa kwenye maharusi hapa Mombasa, na gitaa lake ni lile la boksi lenye tundu la kuchomeka waya ubavuni. Watu wamemlalamikia. Likiwa halijaunganishwa sauti yake ni nzuri, lakini likiingia kwenye spika linakuwa kama mtu anayegonga debe, na mara nyingine hupiga mluzi mpaka bibi harusi akaziba masikio. Dawa alishaiona dukani: mashine ya efekti, ile ya kukanyaga kwa mguu. Ili aipate alitaka kuiweka rehani pikipiki aliyoachiwa na marehemu baba yake, pikipiki ambayo ndiyo inayomlisha yeye na mama yake.

Sikumkatalia. Nilimkalisha barazani nikamsimulia maisha ya mtu mmoja, na leo nawasimulia nanyi wasomaji wangu. Najua wapo watakaosema gitaa si jambo la kuandikiwa makala. Mjadala huo una wenyewe na kila mtu ana mwalimu wake. Mimi nazungumzia riziki ya kijana na akili ya kuitumia.

Mtu huyo ni Django Reinhardt. Jina lake la vyeti lilikuwa Jean, na alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 huko Liberchies, Ubelgiji. Watu wake ni Wamanouche, tawi la wale ambao Wazungu huwaita Jipsi, watu wa kuhamahama kwa magari ya kukokotwa na farasi. Alikulia kwenye kambi za pembezoni mwa Paris. Shule hakuijua, na kusoma na kuandika kulimpiga chenga karibu maisha yake yote. Alichojua ni nyuzi. Alipokuwa na miaka kumi na mbili hivi alikuwa tayari akipiga banjo kwenye kumbi za dansi, akimfuata nyuma mpigaji kodiani.

Mwaka 1928, akiwa na miaka kumi na minane, alirudi usiku kwenye gari alimoishi na mkewe. Ndani mlikuwa na maua ya bandia ya selulodi ambayo mke aliyatengeneza ya kuuza. Mshumaa ukagusa maua, na selulodi hushika moto kama petroli. Wote wawili walitoka hai, lakini Django aliungua mguu na mkono wa kushoto. Madaktari walitaka kuukata mguu, akakataa. Alikaa kitandani karibu mwaka mmoja na nusu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kile kidogo, vilijikunja na havikunyooka tena. Kwa mpigaji gitaa, mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Kila aliyemwona alidhani mambo yamekwisha.

Ndugu yake Joseph alimletea gitaa hospitalini. Django akaanza upya, kama mtoto. Nyimbo za kukimbia akazipiga kwa vidole viwili vilivyosalia, akipanda na kushuka shingo ya gitaa badala ya kukaa mahali pamoja. Vile vilivyokunjamana akavisaidia kushika nyuzi za juu anapopiga kodi. Mwaka 1934 yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli waliunda kundi mjini Paris, Quintette du Hot Club de France: fidla moja, magitaa matatu na besi. Ngoma hapakuwa nayo.

Hapa ndipo nilipomtaka mpwa wangu ategee sikio. Wakati ule Django hakuwa na spika wala waya. Ilibidi gitaa lisikike ukumbini kwa nguvu zake lenyewe, mbele ya fidla na kelele za wachezaji. Basi sauti yake ilitengenezwa kwa vitu vitatu. Kwanza, gitaa lenyewe: alipiga Selmer, gitaa la Kifaransa lililobuniwa na Mario Maccaferri mwanzoni mwa miaka ya 1930, lenye sauti kali inayofika mbali. Pili, nyuzi: za chuma na nyembamba, zile nzito zikiwa zimeviringishiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Tatu, mkono wa kulia: alishika risha nene na ngumu, akapiga karibu na daraja pale ambapo sauti huwa kali, na alipotaka ulaini akausogeza mkono nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa mashine yake ya efekti.

Vita vilipozuka mwaka 1939 kundi lilikuwa Uingereza. Grappelli alibaki London, Django akarudi Paris. Wajerumani waliiteka Ufaransa, na watu wa kabila lake waliuawa na Wanazi kwa mamia ya maelfu barani Ulaya. Yeye aliendelea kupiga gitaa katika mji uliokaliwa, na wimbo wake Nuages, yaani mawingu, ukapendwa mno. Mwaka 1943 alijaribu kukimbilia Uswisi, ikashindikana. Jina lake lilimkinga, lakini wengi wa jamaa zake hawakuwa na jina la kuwakinga.

Mwaka 1946 alialikwa Marekani kuzunguka na bendi ya Duke Ellington. Alisafiri bila gitaa, akitarajia makampuni ya huko yatagombania kumpa. Haikuwa hivyo. Akapewa gitaa la umeme ambalo hakulizoea, akapanda nalo jukwaani mbele ya watu waliokuja kusikia ile sauti ya Selmer. Aliporudi Ufaransa hakuukataa umeme, bali alijifunza kuishi nao. Alichukua kinasa sauti cha Kifaransa kiitwacho Stimer, yaani sumaku iliyozungushiwa waya, akakifunga kwenye Selmer yake ileile na kuiunganisha na amplifaya. Sikilizeni rekodi zake za kati ya 1951 na 1953. Noti moja inakaa muda mrefu, imejaa, kama tarumbeta. Sasa hakuwa na haja ya kuzichapa nyuzi ili asikike, na mkono wake ukatulia. Ametumia chombo kipya, lakini mtu ni yuleyule.

Miaka yake ya mwisho aliishi Samois-sur-Seine, kijiji cha kando ya mto, akivua samaki na kuchora picha. Tarehe 16 Mei 1953, akitoka kituo cha treni, alianguka kwa kiharusi, akafariki siku hiyo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Baada ya hadithi nilimwomba mpwa wangu alete gitaa. Nyuzi zilikuwa na kutu, maana hewa yetu ya chumvi na jasho la vidole havina huruma na chuma. Uzi wa kutu hupoteza uhai, na hakuna mashine inayofufua sauti ambayo uzi haukuitoa. Halafu gitaa lake halina sumaku kama ya Django, lina kinasa cha chini ya daraja, ambacho hudaka kila mgongo wa risha na kuufanya mkali. Tulinunua nyuzi mpya za shaba. Kwenye kisanduku cha gitaa tukapunguza sauti nyembamba na zile za katikati kidogo. Ule mluzi hutokea pale boksi la gitaa linapoisikia spika na kuirudishia sauti yake, zikazungukana. Tukaisogeza spika mbele yake, isimwelekee, na tundu la gitaa tukaliziba kwa kifuniko cha mpira. Mwisho nikamwambia apunguze nguvu za mkono wa kulia, kwani amplifaya imeshaifanya kazi hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda harusini kumsikiliza. Sitasema amekuwa Django. Lakini debe halikusikika tena, na mzee mmoja wa udi alimwita pembeni akamuuliza nyuzi zile kanunua wapi.

Mashine ya efekti si kitu kibaya. Mwangwi kidogo hupendeza ukumbini, na kifaa cha kusawazisha sauti humfaa anayepiga leo ukumbi huu na kesho ule. Ataipata siku pesa yake itakapotosha, inshallah, na atajua anaitia kazi gani. Kwa sasa pikipiki ipo mlangoni kwa dada yangu, na asubuhi inatoka kama kawaida.