Munzihirwa, mzee wa Nyawera

Watu wengi wanaotoka Kamituga, Luhwindja ao Nyabibwe kuleta mzigo mu Bukavu wanapita pale Nyawera. Pikipiki zinapiga honi, wamama wanauza tomate, wabadilishaji wa feza wanakuita. Watoto waliozaliwa nyuma ya vita wanapaona sawa njia panda ya kawaida. Lakini pale njo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo aliuawa, tarehe 29 mwezi wa kumi 1996.

Sisi watu wa machimbo tunajua hii jambo: mgeni akifika ku shimo, hawamuulize diploma. Wanamuuliza nani anamjua. Kama hakuna mtu wa kutaja jina lake mbele ya PDG wa shimo, analala inje. Anayekimbia inchi yake naye iko vile. Ili aachwe akae mu inchi ya wengine, mara ingine inasaidia mtu mwenye masomo na heshima akiandika kwa wakubwa na kumtetea. Munzihirwa alifanya hii kazi, tena kwa maelfu ya watu ambao hakujua hata majina yao.

Alizaliwa mwaka 1926 kule Lukumbo, upande wa Burhale, mu Walungu. Alipata upadri 1958, na mu 1963 akaingia kwa Wajesuita. Walimtuma Louvain, kule Ubelgiji, akasoma mambo ya jamii na uchumi. Aliporudia Kinshasa akawa mlezi wa vijana. Mu 1971 Mobutu aliwaingiza wanafunzi mu jeshi kwa nguvu, juu ya maandamano yao. Munzihirwa, mtu wa miaka 45, akaomba wamuandike naye pamoja na vijana wake. Ile tabia ya kukaa upande wa mwenye kukamatwa haikumtoka tena.

Kuanzia 1980 mpaka 1986 aliongoza Wajesuita wa Afrika ya Kati, ni kusema Zaire, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo watu wa zile inchi zote alikuwa anawajua. Kisha wakamtuma Kasongo, mu Maniema, upande ule wa Namoya yenye dhahabu, akawa askofu wao. Mwaka 1994 akapewa kuongoza jimbo kuu la Bukavu.

Ulikuwa mwaka mubaya sana. Mu Rwanda, kati ya mwezi wa ine na wa saba, Watutsi waliuawa mu mauaji ya kimbari. Serikali ya wauaji iliposhindwa, watu zaidi ya milioni moja wakavuka kuingia Zaire. Mamia ya maelfu wakafikia kwetu Kivu ya Kusini: Panzi, Kashusha, Inera. Ndani yao kulikuwa askari na Interahamwe wenye damu ku mikono. Kulikuwa pia wamama, wazee na watoto ambao hawakuua mtu. Kutenganisha hawa na wale njo ilikuwa kazi ngumu, na wakubwa wa dunia hawakuifanya.

Mwezi wa munane 1995 askari wa Zaire wakaanza kuwapakia wakimbizi mu malori na kuwarudisha kwa nguvu. Zaidi ya watu 10,000 walirudishwa mbele ya ile kazi kusimamishwa. Munzihirwa alikuwa anaandika barua kwa mabalozi na viongozi wa inchi za inje. Msimamo wake: mtu arudi kwao kwa mapenzi yake, na akute usalama. Wengi walimlaumu. Kule Kigali walimuona kama mtetezi wa wauaji, na mpaka leo hii mabishano haijaisha. Lakini hakukubali watoto wa kambi wahesabiwe wauaji juu ya kabila lao.

Mwezi wa kumi 1996 vita ikafika. Uvira ilianguka, Bukavu ikabaki inangoja. Wakubwa wa serikali walikimbia, askari wa Zaire wakaanza kupora. Askofu angeweza kuondoka, alibakia. Aliomba watu watulie, na alitafuta namna ya kulinda mji.

Tarehe 29 askari waliokuja na AFDL na jeshi la Rwanda waliingia mjini. Wakasimamisha gari yake pale Nyawera. Akashuka, msalaba ku mkono. Wakamuua kwa risasi, yeye pamoja na dereva na mlinzi wake. Mwili wake ulilala ku barabara mpaka kesho yake, kisha ukazikwa ku kanisa kuu. Alikuwa na miaka 70.

Wakimbizi aliowatetea wakatawanyika mu pori, kupitia Shabunda mpaka Tingi-Tingi, na wengi hawakurudi. Wenye kuchimba Shabunda, zile njia munazipita. Aliyemfuata ku kiti, Askofu Mkuu Kataliko, naye mu 2000 wakubwa wa RCD walimkataza kukaa Bukavu. Alikaa miezi mbali na jimbo lake, akafariki ile mwaka.

Leo Kanisa linachunguza maisha ya Munzihirwa ili siku moja atangazwe mtakatifu. Kila tarehe 29 mwezi wa kumi, misa inasomwa juu yake. Siku ile ukiwa umeshuka Bukavu kuuza mzigo, pita na mtoto wako pale Nyawera, umuonyeshe mahali alishukia mu gari.