Akhavan-Sales: Mshairi aliyeitwa Tumaini, akaandika baridi ya woga

MSHAIRI wa Iran, Mehdi Akhavan-Sales, alitumia lakabu ya Omid, neno la Kiajemi lenye maana ya tumaini. Hata hivyo, shairi lililompa sifa kubwa zaidi ni la kukata tamaa, na linaonyesha jinsi ukandamizaji wa kisiasa unavyovunja uhusiano wa watu wa kawaida.

Akhavan alizaliwa mwaka 1929 mjini Mashhad, kaskazini mashariki mwa Iran. Alipomaliza shule ya ufundi alihamia Tehran, akawa mwalimu. Kama vijana wengi wa rika lake, alivutiwa na siasa za mrengo wa kushoto. Alimheshimu pia Waziri Mkuu Mohammad Mossadegh, ambaye serikali yake ilitaifisha mafuta mwaka 1951.

Agosti 1953, Mossadegh aliangushwa kwa msaada wa mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza, na mamlaka ya Shah Mohammad Reza Pahlavi yakaimarika. Wanasiasa walikamatwa, magazeti yakafungwa, na Akhavan naye akatiwa gerezani.

Baada ya kutoka, aliandika shairi Zemestan, yaani majira ya baridi, lililochapishwa katika diwani ya jina hilo mwaka 1956. Shairi halimtaji mtawala, jela wala askari. Linaeleza watu waliojiinamia kwa baridi, wasioitikia salamu, na wanaosita hata kuupokea mkono wa rafiki.

Kwa msomaji wa sosholojia, uzito wa shairi uko hapo. Salamu ni kiungo kidogo kabisa cha jamii. Isipoitikiwa, vyama, mikutano na maandamano havina pa kuanzia. Dola inayotisha haihitaji kumfunga kila raia. Inatosha jirani amshuku jirani, na kila mtu ajifungie mwenyewe. Mwaka 1957, utawala wa Shah uliunda idara ya usalama, SAVAK, na shaka hiyo ikazidi kuota mizizi.

Udhibiti wa maandishi nao ulizaa lugha yake. Maneno kama usiku, baridi na ukuta yalibeba maana ambayo wasomaji waliifahamu bila kuelezwa. Shairi moja Akhavan alilitunuku kwa mzee Mohammad wa Ahmadabad. Aliyekusudiwa ni Mossadegh, aliyekuwa amezuiliwa katika kijiji hicho. Hivyo mshairi na msomaji wakawa na siri moja, na siri hiyo ikarudisha sehemu ya uaminifu uliokuwa umepotea mitaani.

Shah aliondoka mwaka 1979, lakini udhibiti haukuondoka naye. Mwaka 1990, Akhavan alitembelea Ulaya kwa mara ya kwanza. Alifariki dunia mjini Tehran mwezi Agosti mwaka huo, muda mfupi baada ya kurejea, akazikwa Tus, karibu na kaburi la Ferdowsi, mtunzi wa Shahnameh.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwimbaji Mohammad-Reza Shajarian alilitoa shairi la Zemestan kwa muziki. Vijana waliozaliwa baada ya enzi ya Shah walilipokea kama jambo linalowahusu. Salamu ambayo mwaka 1956 iliogopwa kuitikiwa, wengi waliiitikia kwa sauti.